Ugwe wa mgongo ukiumia kazini: kinachouvunja, kinachogharimu, na anayepaswa kulipa

Fundi akianguka kutoka mita 4, yaani usawa wa kenchi za nyumba ya kawaida, hufika chini akiwa na mwendo wa karibu kilomita 32 kwa saa. Akianguka kutoka mita 6 mwendo huo hufika kilomita 39. Ndiyo maana haihitajiki ghorofa kumi kumwacha mtu hawezi kutembea tena. Paa la banda linatosha. Akitua kwa miguu au kwa makalio, nguvu hupanda kupitia visigino na nyonga hadi kwenye uti wa mgongo, kisha huvunja penye udhaifu. Mara nyingi ni pale mbavu zinapoishia, kwenye pingili ya 12 ya kifua na ya 1 ya kiuno. Juu ya hapo mgongo umekazwa na mbavu, chini yake unapinda kwa uhuru, na mzigo wote hukutana mpakani. Pingili hupasuka, vipande vya mfupa vikasukumwa nyuma, ndani ya mfereji unaopitisha ugwe wa neva.

Ugwe huo una unene wa kama sentimita 1. Unashuka kutoka kwenye ubongo na kukoma karibu na pingili ya 1 au ya 2 ya kiuno. Kuanzia hapo ni shada la neva linaloelekea miguuni, kwenye kibofu na kwenye haja kubwa. Mfupa ukivunjika huunga. Ugwe hauungi namna hiyo. Na huumia mara mbili: kwanza kwa pigo lenyewe, ndani ya sekunde, pili kwa saa na siku zinazofuata, kwa uvimbe, kwa presha ya damu kushuka, kwa hewa kupungua, na kwa pingili iliyolegea kucheza kila mgonjwa anapoinuliwa vibaya. Pigo la kwanza huzuiwa na jukwaa imara. La pili huzuiwa na watu waliopo pale alipoanguka, na baadaye na wauguzi.

Mahali palipoumia ndipo panapoamua maisha yatakavyokuwa, na pia gharama. Shingo ina pingili 7, kifua 12, kiuno 5. Misuli mikuu ya kupumua inaendeshwa na neva zinazotoka usawa wa 3 hadi 5 wa shingo, kwa hiyo aliyeumia juu kabisa huhitaji mashine ya kupumulia, na mahali pasipo na mashine hiyo hafiki mbali. Aliyebaki na usawa wa 5 hukunja kiwiko lakini vidole vimekufa. Wa 6 huinua kifundo cha mkono, na kwa ujanja wa kifundo hicho anaweza kushika kikombe. Wa 7 hunyoosha kiwiko, na hapo ndipo mabadiliko makubwa yalipo: mwenye nguvu ya kunyoosha kiwiko anaweza kujisukuma kutoka kitandani hadi kwenye kiti bila kubebwa. Pingili moja ya shingo inaweza kuwa tofauti kati ya kuhitaji msaidizi saa 24 na kuhitaji msaidizi asubuhi tu. Aliyeumia kifuani au chini yake ana mikono kamili. Miguu, kibofu na utumbo ndivyo vilivyoathirika.

Daktari hupima pia kama jeraha ni kamili au si kamili, kwa herufi A hadi E. A maana yake hakuna hisia wala nguvu hadi sehemu ya haja kubwa. B, C na D zimebakiza kitu. Kipimo cha ganzi na msuli wa njia ya haja kubwa huwaaibisha wengi, lakini ndicho kinachotofautisha A na B, na kisipofanywa mgonjwa anaweza kuandikiwa matumaini makubwa au madogo kuliko yaliyopo. Wenye C na D wana nafasi nzuri ya kurudisha nguvu. Sehemu kubwa ya nafuu hutokea ndani ya miezi 6 hadi 9 ya kwanza, na kidogo kidogo huendelea hadi mwaka wa pili.

Kazi zinazovunja mgongo kwetu

Katika hospitali ya KCMC mjini Moshi, watafiti waliopitia mafaili ya wagonjwa wa majeraha haya walikuta kuanguka kunaongoza, mbele ya ajali za barabarani. Hilo halimshangazi anayejua kazi za ukanda huu.

Kwenye ujenzi, adui wa kwanza ni jukwaa la mirunda. Mirunda yenyewe si mibaya. Ubaya ni kufunga kwa misumari badala ya kamba au klempu, nguzo kukaa juu ya tofali moja kwenye udongo uliolowa, na mbao za kukanyagia kuwekwa bila kufungwa. Ubao wa unene wa milimita 38 unahitaji kishikizo kila mita 1.5, ukiachwa upite mita 2.5 au 3, hupinda katikati, na ncha yake huruka pale saidia fundi anapoikanyaga akiwa na karai la zege. Kuanzia mita 2 kwenda juu panatakiwa reli ya ubavuni yenye kimo cha karibu mita 1, nyingine katikati, na ubao wa pembeni wa sentimita 15 wa kuzuia vitu visianguke. Ngazi isimame kwa uwiano wa 4 kwa 1 (mita 4 juu, mita 1 mbali na ukuta), ipite ukingo wa juu kwa karibu mita 1, na ifungwe juu.

Kuhusu mkanda wa usalama kuna kosa ambalo hata wasimamizi wazoefu hulifanya. Kamba ya mita 1.8 yenye kifyonza mshtuko, ikifungwa usawa wa miguu au kiuno, huhitaji karibu mita 5.5 za nafasi tupu chini yake: urefu wa kamba, kurefuka kwa kifyonza, kimo cha mtu, na ziada ya usalama. Fundi aliye mita 4 juu akiwa na kamba hiyo atagonga sakafu kabla kamba haijamshika. Kwa urefu mdogo, dawa ni reli, au kamba fupi iliyofungwa juu ya kichwa. Na mkanda wa kiunoni pekee usitumike kumzuia mtu anayeanguka: unamkunja katikati na unaweza kuumiza uti uleule tunaoulinda.

Wakwezi wa minazi pwani hupanda mita 15 hadi 25 bila kamba ya kujishikiza, wengi wakitegemea vidato vilivyochanjwa kwenye shina, ambavyo huteleza baada ya mvua. Wagema, wakata matawi na wanaopanda miparachichi na miembe wana hatari hiyohiyo. Kwenye migodi ya wachimbaji wadogo mambo ni tofauti: mtu ameinama ndani ya duara, yaani shimo la mgodi, jiwe linaangukia mabega au mgongo, mwili unakunjwa kwa nguvu na pingili moja inatelezeshwa juu ya nyingine. Aina hii ya jeraha huwa mbaya kuliko ya kuanguka kwa makalio, kwa sababu mfereji wa ugwe unakatwa kama kwa mkasi.

Barabara nayo ni mahali pa kazi: dereva wa bodaboda, utingo aliyelala juu ya magunia, vibarua waliopakiwa nyuma ya pikapu kwenda shambani. Wazamiaji wa majongoo bahari wanaotumia mitungi ya hewa wana sababu ya peke yao: wakipanda haraka, viputo vya naitrojeni huziba mishipa midogo ya ugwe, na mtu hupooza miguu bila kupigwa na kitu chochote. Huyo alazwe chali, apewe oksijeni, na apelekwe penye chemba ya kurudishia presha. Kumzamisha tena majini ili apone ni kumhatarisha zaidi.

Na kubeba mizigo? Gunia la lumbesa huharibu mgongo kwa njia nyingine. Shirika la Kazi Duniani lilipendekeza tangu 1967 kwamba mzigo wa mtu mzima mwanamume usizidi kilo 55, na kila anayepita sokoni alfajiri ameona makuli wakibeba mara mbili ya hapo. Mara nyingi matokeo ni maumivu sugu na diski kutoka mahali pake. Hayo si jeraha la ugwe, lakini yanaweza kugeuka ghafla. Mwenye maumivu ya kiuno akipata ganzi sehemu anazokalia, akashindwa kukojoa au akajisaidia bila kujua, hiyo ni dharura ya kuwahiwa ndani ya saa. Anayeteleza na mzigo kichwani shingo ikakunjwa, naye ni mgonjwa wa ugwe mpaka picha ithibitishe vinginevyo. Vivyo hivyo mtu aliyepooza baada ya kuanguka kidogo tu: apimwe kifua kikuu cha mifupa, kwa maana pingili iliyoliwa na TB huvunjika kwa mwereka mdogo.

Saa ya kwanza

Makosa ya saa hii yanafanana Mwanza, Mombasa na Arusha. Wawili wanamshika majeruhi, mmoja kwapani na mmoja miguuni, mgongo unakunjika katikati, anatiwa kiti cha nyuma cha gari dogo akiwa amekaa, au anapakiwa mshikaki kwenye pikipiki. Wanafanya hivyo kwa huruma na haraka. Lakini kama hakuna moto, maji wala kifusi kinachoendelea kuanguka, dakika 20 za kutafuta ubao na watu 5 zina thamani kuliko dakika 20 za kuwahi.

Anayeongoza hukaa kichwani, anashika kichwa kwa viganja viwili na mikono yake imeegemea ardhini, na ndiye anayetoa amri. Watatu hupiga magoti upande mmoja: mmoja bega na mgongo, wa pili nyonga, wa tatu miguu. Kwa hesabu ya aliyeshika kichwa, wanamgeuza kama kitu kimoja, pua ikilingana na kitovu, na wa tano anasukuma ubao chini yake. Mlango uliong'olewa unafaa. Kichwa kizuiwe pande zote mbili kwa nguo zilizokunjwa au mifuko ya mchanga na kifungwe kwenye ubao. Kama anatapika, anageuzwa wote, si shingo peke yake. Asipewe maji wala chakula. Afunikwe, kwa sababu mwili uliopooza haujihifadhi joto. Vitu vigumu mifukoni, simu, funguo na vifungo vya mkanda, vitolewe: saa chache juu ya funguo zinatosha kuanzisha kidonda ambacho hatakisikia.

Ubao ni wa kusafirishia tu. Mgonjwa akifika hospitali aondolewe juu yake mapema iwezekanavyo. Kuna wanaoachwa juu ya ubao usiku kucha wakisubiri picha, na kidonda cha makalio huanza hapo, kabla hata ya faili kufunguliwa.

Fundi aliyeanguka na kuvunjika kisigino, hata kama analalamikia kisigino tu, mgongo wake upigwe picha. Njia iliyopasua kisigino ndiyo inayopasua pingili.

Bili ya hospitali

Gharama za wiki za kwanza zinaeleweka kwa urahisi kwa kuwa zina risiti: gari la wagonjwa, eksirei, CT scan, MRI, kitanda cha uangalizi maalumu, dawa, operesheni. Kipande kikubwa cha operesheni huwa si mkono wa daktari bali vyuma: skrubu zinazoingia kwenye pingili na fimbo zinazoziunganisha, kwa kawaida vya titani na vinavyoagizwa kutoka nje. Mwongozo wa kimataifa unashauri kuondoa mgandamizo kwenye ugwe ndani ya saa 24 inapowezekana. Kwetu, rufaa kutoka hospitali ya wilaya hadi Taasisi ya Mifupa Muhimbili, KCMC, Bugando au Kenyatta huchukua siku, na mara kwa mara mgonjwa hulala wodini akisubiri fedha za vyuma. Kila siku ya kusubiri ina bei yake: kitanda, ndugu anayelala nje, ngozi inayoanza kuchubuka, damu inayoganda kwenye mguu usiosogea.

Familia inapaswa kuambiwa wazi operesheni inafanya nini. Inaondoa mfupa unaobana, inakaza pingili ili mgonjwa aweze kukalishwa mapema, na kwa jeraha lisilo kamili inaongeza nafasi ya nafuu. Haiungi ugwe uliokatika. Wapo wanaouza kiwanja miezi 8 baadaye kwenda nje kutafuta operesheni ya pili au sindano za seli shina kwa jeraha kamili la kifua; hakuna tiba ya namna hiyo iliyothibitishwa kurudisha miguu. Fedha hizo zingenunua miaka mingi ya vifaa ambavyo vinamweka mtu hai. Sindano za steroidi za dozi kubwa nazo, zilizokuwa kawaida zamani, hazishauriwi tena kama tiba ya kila mgonjwa. Madhara yake, hasa maambukizi, ni ya kweli kuliko faida. Kinachosaidia siku hizo ni cha kawaida: presha ya damu isiachwe ishuke, oksijeni ya kutosha, kugeuzwa kila saa 2, mpira wa mkojo uwekwe kwa usafi, na dawa ya kuzuia damu kuganda.

Bili ya miaka

Marekani wanahesabu kwa makini kupitia kituo chao cha takwimu cha Alabama. Hesabu zao za karibu 2020 zinaonyesha kwamba aliyepooza miguu hutumia zaidi ya dola 500,000 mwaka wa kwanza, kisha kama dola 75,000 kila mwaka unaofuata. Aliyeumia sehemu ya juu ya shingo hupita dola milioni 1 mwaka wa kwanza na dola 200,000 kila mwaka baadaye. Bei hizo si zetu, lakini umbo lake ni letu pia: ndani ya miaka 7 hivi, matunzo ya aliyepooza miguu huwa yameipita gharama ya mwaka wa ajali. Huku kwetu sehemu kubwa ya bili hiyo haina risiti, kwa sababu anayelipa ni mke aliyeacha genge, au binti aliyeacha shule ili amgeuze baba usiku.

Kibofu ndicho kinachokula kila siku. Mkojo usipotoka hurudi kwenye figo, na zamani figo ndizo zilizokuwa zikiwaua wengi. Njia bora kwa wengi wenye mikono ni kujiwekea mpira mwembamba wa namba 12 au 14, kutoa mkojo na kuuondoa, kila baada ya saa 4 hadi 6, bila kuacha kibofu kipite mililita 500. Mara 5 kwa siku ni mipira 150 kwa mwezi, 1,800 kwa mwaka, pamoja na jeli na sabuni. Mtengenezaji huandika kwamba mpira ni wa kutumika mara moja. Penye uhaba, kliniki hufundisha kuuosha kwa sabuni na maji safi, kuukausha hewani na kuuhifadhi kwenye chombo kikavu chenye mfuniko, na hapo mahitaji hushuka hadi mipira michache kwa mwezi. Mpira wa kudumu wa lateksi unaonekana rahisi zaidi, lakini unapaswa kubadilishwa kila wiki 2 hadi 4, na anayekaa nao miezi mitatu hupata mawe ya kibofu, maambukizi na kulazwa. Kipimo cha ultrasound ya figo na kibofu, pamoja na kreatinini, kipimo cha damu kinachoonyesha kazi ya figo, mara moja kwa mwaka, ni nafuu kuliko wiki moja ya kusafishwa damu.

Homa kwa mtu huyu isidhaniwe malaria moja kwa moja. Apimwe mkojo, aangaliwe ngozi yote, miguu ilinganishwe kama mmoja umevimba. Na aliyeumia usawa wa pingili ya 6 ya kifua au juu yake, akipata ghafla kichwa kuuma kwa kupiga, jasho usoni na presha kupanda, akalishwe wima, nguo zinazobana zifunguliwe, na mpira wa mkojo uangaliwe kama umejikunja au kuziba. Nyingi ya dharura hizi huisha kibofu kikifunguka. Zikiachwa, presha hiyo inaweza kupasua mshipa wa ubongo.

Ngozi ndiyo inayofilisi. Kidonda cha kulalia huanza ndani, juu ya mfupa, damu ikikatwa kwa saa chache. Kinachoonekana nje ni mwisho wa habari. Kwenye ngozi nyeusi usitafute wekundu. Tafuta sehemu iliyokoza rangi kuliko jirani yake, iliyo ya moto, ngumu au laini kupita kiasi: mfupa wa makalio, nyonga za ubavuni, visigino. Kidonda kilichofika mfupani huhitaji kusafishwa, antibayotiki, kisha operesheni ya kuhamisha nyama, na wiki nyingi za kulala kifudifudi. Gharama yake inaweza kuifikia ile ya operesheni ya mgongo, na hurudi kama kilichosababisha hakijaondoka. Kuzuia ni kugeuzwa kila saa 2 kitandani, na kwenye kiti kuinama mbele au kuegemea upande kwa dakika 2 kila nusu saa. Mto chini ya mashavu ya miguu, visigino vikining'inia. Pete ya tairi iliyojazwa upepo, ambayo ndugu wengi hununua kwa nia njema, inakata damu kuzunguka kidonda na kukipanua.

Haja kubwa inahitaji ratiba: saa ileile kila siku au kila siku ya pili, nusu saa baada ya kula, kidonge cha kuingiza nyuma au kidole chenye glovu na jeli. Ikipangwa vizuri kwa miezi miwili au mitatu, mtu hutoka nyumbani bila hofu, na hapo ndipo kazi inapowezekana tena.

Kiti mwendo kisichukuliwe kwa sababu ni cha bure. Viti vya hospitali vyenye kitambaa kinacholegea katikati vinawasukuma watu kwenye vidonda. Upana wa kiti uwe upana wa nyonga zake, kina kiache vidole viwili au vitatu nyuma ya goti, vikanyagio vimwinue mguu bila kuacha paja likining'inia, na mto wa sponji ya kuhimili, si godoro la kukatwa, ubadilishwe mara ukibonyea usirudi. Kwa barabara za vumbi, kiti cha magurudumu matatu chenye gurudumu la mbele lililo mbali hakikwami mchangani. Chuo cha TATCOT mjini Moshi kinafundisha mafundi wa kazi hii, na nchini Kenya chama cha APDK hutengeneza viti hivyo. Kisha kuna rampu, mlango wa sentimita 80 angalau, choo cha kukalia badala ya cha kuchuchumaa. Hakuna bima inayokumbuka choo.

Nani analipa

Tanzania Bara, Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, WCF, umekuwa ukikusanya michango tangu Julai 2015. Anayechangia ni mwajiri peke yake. Kumkata mfanyakazi ni kosa. Mfuko hulipia matibabu, ulemavu wa muda kwa asilimia 70 ya kipato kwa muda usiozidi miezi 24, utengamao, na malipo kwa ajili ya anayemhudumia mgonjwa asiyeweza kujihudumia. Ulemavu wa kudumu ukizidi asilimia 30 hulipwa pensheni ya kila mwezi. Chini ya hapo hulipwa kwa mkupuo. Kupooza kabisa huhesabiwa asilimia 100. Aliyekuwa akipata shilingi 600,000 kwa mwezi huangukia 420,000 kila mwezi, ndani ya kima cha chini na kikomo kilichowekwa.

Kasoro iko kwenye neno kipato. Mwajiri aliyeandikisha mshahara wa 300,000 huku akilipa nyingine 300,000 mkononi ameikata pensheni hiyo nusu, kwa maisha yote. Kwa hiyo hati za mshahara, miamala ya simu na daftari la mahudhurio vihifadhiwe. Mwajiri anatakiwa kutoa taarifa ya ajali kwa Mfuko ndani ya siku 7, na madai yasipite miezi 12. Mgonjwa aliye wodini hawezi kufuatilia. Ndugu mmoja apewe kazi hiyo wiki ya kwanza, aandike tarehe, saa, mahali, waliokuwepo, na ahakikishe kwenye faili la hospitali imeandikwa kwamba aliumia kazini na alikuwa akifanya nini. Faili linaloandika "alianguka" bila zaidi limewagharimu wengi.

Kenya hufuata Sheria ya Fidia ya Majeraha ya Kazini ya 2007, WIBA. Mwajiri hukata bima kwa kampuni, hutoa taarifa kwa Mkurugenzi wa Usalama na Afya Kazini ndani ya siku 7, na madai huanzia kwa Mkurugenzi, si mahakamani; Mahakama ya Juu ilithibitisha sheria hiyo Desemba 2019. Ulemavu kamili wa kudumu hulipwa mishahara ya miezi 96 kwa mkupuo. Mwenye mshahara wa shilingi 20,000 za Kenya kwa mwezi anapata 1,920,000. Inaonekana nyingi siku ya hundi. Msaidizi wa 10,000 kwa mwezi peke yake anaimaliza ndani ya miaka 16, kabla ya mpira mmoja wa mkojo kununuliwa, na kijana aliyeumia akiwa na miaka 25 atakuwa na 41. Sheria hiyohiyo inamtaka mwajiri alipe gharama halali za tiba, uuguzi, dawa, magongo na vifaa, pamoja na matengenezo na kubadilisha. Kifungu hicho hudaiwa mara chache kuliko kinavyostahili, kwa sababu familia hudhani hundi ndiyo mwisho. Na mwajiri anayesema fundi alikataa mkanda kwa makusudi asimtishe mtu: utovu wa makusudi haumnyimi fidia aliyepata ulemavu mkubwa.

Tathmini ya mwisho ya asilimia isiharakishwe kabla hali haijatulia, wala taarifa isicheleweshwe kusubiri hali itulie. Ni mambo mawili tofauti, na mawakala wanaojitolea wodini "kusaidia" kwa sehemu ya malipo huyachanganya kwa faida yao.

Mkwezi, mchimbaji mdogo na mwendesha bodaboda mwenye pikipiki yake hawana mwajiri wa kuandika barua. Kwao hubaki bima ya afya waliyokata wenyewe kabla ya ajali, ambayo hugharamia sehemu ya hospitali lakini si msaidizi wala kipato kilichopotea, pamoja na ofisi ya ustawi wa jamii ya hospitali, ambayo ndugu wanapaswa kuiona siku ya kuingia na siyo siku ya kutoka. Anayekata nazi kwa mwenye shamba mwaka mzima, kwa ratiba na malipo ya mwenye shamba, huenda ni mwajiriwa hata kama hakuna karatasi. Ofisi ya kazi ya wilaya iulizwe kabla ya familia kukubali kwamba alikuwa akijifanyia.

Kabla ya kuruhusiwa kurudi nyumbani, ndugu wawili, si mmoja, wawe wameshafanya wenyewe mbele ya muuguzi: kuweka mpira wa mkojo, kugeuza, kumhamisha kutoka kitandani hadi kitini, kukagua ngozi kwa kioo, na kufanya ratiba ya haja kubwa. Watoke na mipira ya mwezi mmoja, mto wa kiti, tarehe ya kliniki, na namba ya simu ya wodi. Nchini Kenya mafunzo haya ni kazi ya kila siku ya Hospitali ya Taifa ya Rufaa ya Majeraha ya Uti wa Mgongo, Nairobi. Penye wodi isiyo na kitengo hicho, waombe kwa jina kila kimoja, na wasitie saini ya kutoka mpaka wamekifanya kwa mikono yao.